Filamu Haipatikani Nchini Kwako

Kwanza tuwekane sawa: sisi hatuna ugomvi na sinema za ngumi. Zimetulea. Bruce Lee, Amitabh Bachchan na Van Damme tumewaangalia mpaka mikanda ikachujuka, na hata leo mtu akimweka Schwarzenegger kwenye runinga ya kinyozi tunasahau tulikuwa tunakwenda wapi. Manung'uniko yetu ni mengine. Tumeonja sinema za aina nyingine, tumezipenda, na sasa kila tukizifuata mtandaoni tunakuta mlango umefungwa, na juu ya mlango pameandikwa kwa adabu kabisa kwamba filamu hii haipatikani nchini kwako.

Sisi ni watu wa kawaida wa Dar es Salaam. Yumo fundi redio wa Temeke, yumo mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, yumo muuguzi wa zamu za usiku, dereva wa bajaji, na kijana mwenye banda la kuingizia watu muvi kwenye flashi huko Mbagala. Hatuna chama wala katiba. Tunachangia bando, tunakusanyika kwa yeyote ambaye umeme wake haujakatika, na tunabishana mpaka mwenye nyumba anaanza kupiga miayo ya makusudi.

Aliyetuponza ni huyo kijana wa Mbagala. Mteja mmoja alimwachia flashi yenye filamu ya Kiirani, kazi ya Abbas Kiarostami ya mwaka 1987, ambayo jina lake kwa Kiswahili chetu ni Nyumba ya Rafiki Iko Wapi. Hamna bunduki ndani yake, hamna mapenzi, hamna hata gari la kukimbizana. Kuna mtoto anaitwa Ahmad ambaye amebeba daftari la mwenzake kwa bahati mbaya. Mwalimu ameshaonya kwamba huyo mwenzake akija tena bila kuandika kazi kwenye daftari lake, atafukuzwa shule. Basi Ahmad anataka kulirudisha, na mwenzake anakaa kijiji cha pili, ng'ambo ya kilima. Anamweleza mama yake, mama anamwambia akafanye kazi za shule, kisha hapo hapo anamtuma. Anatoroka, anakimbia, anafika, nyumba haioni, anarudi. Njiani babu yake anamwagiza sigara. Mtoto akishaondoka, babu anamwambia mzee mwenzake kwamba sigara anazo mfukoni. Amemtuma ili ajifunze utii tu.

Sebule nzima ililipuka. Muuguzi alisema huyo ni babu yake yeye, wa Newala, Wairani wamempata wapi? Dereva wa bajaji, ambaye hakumaliza shule, alisimama kabisa na kuwafokea watu wazima waliomo kwenye kioo: "Msikilizeni mtoto, jamani!" Mwalimu wetu peke yake ndiye aliyemtetea mwalimu wa filamu, akisema daftari ni daftari. Yaani daftari moja, chini ya saa moja na nusu, na watu wazima wenye madeni na ndoa zao hawakugusa simu.

Baada ya hapo tukawa na njaa. Kijana akatutafutia filamu ya Kijapani ya Yasujiro Ozu ya mwaka 1953 kuhusu wazee wawili wanaosafiri hadi Tokyo kuwasalimia watoto wao. Watoto wana kazi, wana wateja, wana vikao. Wanawapeleka wazee hoteli ya pwani ili wasiwabane nyumbani, na anayewatunza kwa moyo ni mkwe wao, mjane wa mtoto wao aliyekufa vitani. Hatukubishana sana usiku ule. Baadhi yetu tulitoka nje mmoja mmoja kupiga simu nyumbani, saa ambayo wazee wa vijijini wameshalala.

Tusijitie usomi lakini. Si kila kilichosifiwa Ulaya kilituingia. Tulipoweka Stalker ya Mrusi Tarkovsky, ya mwaka 1979, zaidi ya saa mbili na nusu, dereva wetu alilala, akaamka, akauliza, "Hawa bado wapo kwenye nyasi?" akalala tena. Wengine waliona ni filamu kubwa kuliko zote. Yeye anasema hajawahi kupumzika vizuri kama siku ile. Haki yake. Mtu hawezi kusema hajapenda kitu ambacho hakuruhusiwa kukionja, na hilo ndilo tunalolililia.

Stalker yenyewe, ielezwe hapa, tuliiona bure na kihalali, kwa sababu studio ya Mosfilm ya Moscow imeweka filamu zake nyingi za zamani YouTube. Korea Kusini nao, kupitia hifadhi yao ya taifa ya filamu, wameweka huko huko filamu zao za zamani kwa wingi, dunia nzima itazame. Bodi ya filamu ya Canada ina tovuti yake ya namna hiyo. Kwa hiyo tusiambiwe kwamba jambo hili halina ufundi wake. Ufundi upo, na waliotaka wameutumia.

Sasa njoo kwenye zile za kulipia. Ipo Criterion Channel, ambayo wapenda sinema wote duniani wanaitaja kwa mate mdomoni. Ilianza Aprili 2019, na wateja wake ni wa Marekani na Canada tu. Ipo MUBI, iliyoanzishwa 2007, ambayo kwa miaka mingi iliweka filamu moja kila siku na kuiondoa baada ya siku 30, hadi 2020 ilipofungua maktaba ya kudumu. Hiyo inafika nchi nyingi, ila rafu yake inabadilika kulingana na ulipo. Unasoma sifa za filamu fulani, unaitafuta, unaikosa, unaambiwa London ipo.

Tumeshaelezwa sababu. Haki za kuonyesha filamu huuzwa nchi kwa nchi, au kanda kwa kanda. Anayetaka kuionyesha Ujerumani ananunua haki za Ujerumani, anayetaka Japani ananunua za Japani. Za Afrika Mashariki mara nyingi hakuna anayezinunua, kwa kuwa hakuna anayeamini kwamba huku kuna watazamaji. Kwa hiyo hakuna afisa aliyekaa kwenye kiti chake akaamua watu wa Temeke wasimwone Ozu. Hatukukumbukwa tu. Fundi redio anasema afadhali kukatazwa, maana aliyekatazwa angalau ametajwa kwenye kikao.

Linalouma zaidi ni la filamu za Waafrika wenyewe. Ousmane Sembène wa Senegal alikuwa mwandishi wa vitabu, akaona ndugu zake wengi hawasomi, akaenda kujifunza sinema akiwa mtu mzima ili awafikie. Mwaka 1968 akatengeneza Mandabi kwa Kiwolofu, lugha ya watu wake. Djibril Diop Mambéty akaleta Touki Bouki mwaka 1973, ile ya vijana wawili na pikipiki yenye pembe za ng'ombe wanaoiota Paris. Watu hawa hawakutengeneza kazi zao kwa ajili ya watazamaji wa New York. Mwaka 2017, taasisi ya Martin Scorsese ya kuhifadhi filamu, FEPACI ambalo ndilo shirikisho la watengeneza filamu wa Afrika, na UNESCO walikubaliana kuziokoa filamu za zamani za Afrika, wakilenga 50 za kuanzia. Kazi inafanyika, na inafanyika vizuri. Picha zimesafishwa, sauti zimerudi. Zikishapona, zinakwenda kuishi wapi?

Chukua Sambizanga ya mwaka 1972, ya Sarah Maldoror. Inahusu mwanamke wa Angola anayetembea na mtoto mgongoni kutoka kituo kimoja cha polisi hadi kingine, akimtafuta mumewe aliyekamatwa na Wareno. Dar es Salaam hii ndiyo iliyokuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU kuanzia 1963. Wapo wazee mitaani kwetu waliochangia ukombozi wa kusini mwa Afrika kwa senti zao na kwa nyumba zao. Filamu ya vita vile imesafishwa, ikatiwa kwenye sanduku la diski lililotoka Marekani mwaka 2022, na mzee aliyechangia vita vyenyewe haipati. Binamu wa muuguzi wetu anafanya kazi ghalani huko Marekani. Ana kadi ya maktaba ya umma, na kwa kadi hiyo anaingia jukwaa la Kanopy na kuangalia filamu za Kiafrika bila senti. Akatuandikia kwa furaha kwamba amegundua sinema ya Afrika. Tulimpongeza, tutafanyaje.

Kwenye filamu za nyumbani hali ni ile ile. Maangamizi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, ya mwaka 2001, ndiyo iliyokuwa ya kwanza kupelekwa na Tanzania kugombea Oscar. Ulizeni vijana wa miaka ishirini kama wameiona. Vuta N'Kuvute, riwaya ya Adam Shafi ambayo mwalimu wetu ameifundisha mpaka kurasa zimelegea, ilifanywa filamu na Amil Shivji, na watu wa tamasha la Toronto wakaiona kabla yetu, Septemba 2021. Hatumlaumu Shivji hata kidogo; mtengeneza filamu huenda kwenye tamasha lenye wanunuzi. Tunasema tu kwamba wahusika wake, Denge na Yasmin, walipitia Canada kwanza.

Tena tukumbushane, maana vijana wanadhani mji huu umezaliwa na vibanda umiza. Dar ilikuwa na majumba ya sinema: Empire, Avalon, Odeon, Cameo. Unguja ilikuwa na Majestic na Cine Afrique. Kuanzia 1966 Dar ilikuwa na sinema ya magari, Drive-In, ambayo uwanja wake leo ni ubalozi wa Marekani. Mwanahistoria Laura Fair ameandika kitabu kizima kuhusu habari hizo, Reel Pleasures, mwaka 2018, na ndani yake wazee wanakumbuka Awara ya Raj Kapoor kama watu wanaokumbuka harusi zao. Filamu ya Kihindi, lugha hawaijui, na walilia. Halafu mtu wa leo, mwenye takwimu zake, anatuambia hatuna utamaduni wa kutazama filamu za nje.

Haya, tuseme filamu unayoitaka ipo na inafika kwetu. Lipa sasa. Wengi wetu pesa zetu zinakaa kwenye simu, wao wanataka kadi ya benki. Unafungua akaunti, unapata kadi, kadi inakataliwa. Unajaribu tena, pesa inakatwa na filamu haifunguki. Mmoja wetu alikatwa malipo ya mwezi na huduma moja tusiyoitaja, akaandika kulalamika, akajibiwa na mashine kwa Kiingereza kwamba wamefurahi kumsikia. Ukishavuka hapo, bando. Saa moja ya picha ya wastani inakula karibu GB 1, na picha kali hadi GB 3. Filamu za hawa mabwana ni ndefu na zimetulia, kwa hiyo picha ikianza kuzunguka huwezi kujua kama ni mtandao au ndiyo sanaa yenyewe.

Wajanja wakasema tumieni VPN, simu itajifanya iko Toronto. Sawa. Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ikatangaza kwamba wanaotumia VPN wajiandikishe kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Tujiandikishe tukisema nini? Sababu ya kutumia: kumtazama Sembène? Mtu unayetaka kulipa pesa yako halali, kuona filamu halali, ya Mwafrika mwenzako, unageuzwa mtu wa kujificha. Ndipo unaporudi Mbagala na flashi yako, na kijana anakutazama kwa huruma. Yeye anajua kabisa kwamba biashara yake si halali. Anasema siku njia halali itakapofika Mbagala kwa bei ya Mbagala, atafunga banda na kuwa wakala.

Serikali imeshajifunza kuzitoza kampuni za nje zinazouza huduma hizi mtandaoni. Tangu Julai 2022 ipo kodi ya asilimia 2 kwenye mapato yao ya hapa, mbali na VAT. Hatupingi kodi. Tunauliza tu: ukiweza kumfikia mtu kumdai, unashindwaje kumfikia kumwambia kwamba wateja wako hawa wana lugha?

Maana hapo ndipo kiini cha kelele zetu kilipo. Filamu ya Kiirani ina maandishi ya Kiingereza chini. Ya Kiwolofu, Kiingereza au Kifaransa. Kati yetu, mwalimu na muuguzi wanasoma vizuri, fundi anasoma taratibu, dereva anasubiri asimuliwe. Usiku wa Ahmad na daftari, mwalimu alikuwa anatafsiri kwa sauti filamu nzima, na akakauka koo. Wala hilo si jipya hapa. Lufufu alisimulia filamu za Kichina na za Kimarekani kwa Kiswahili mpaka watu wakawa wanamfuata yeye kuliko waigizaji. Kenya wana DJ Afro. Uganda wana wasimulizi wao kwa Kiganda. Kikundi cha Ajabu Ajabu cha hapa Dar kilitengeneza filamu fupi mwaka 2023, Apostles of Cinema, kuhusu wasimulizi na wenye vibanda wanaoirudisha Maangamizi kwa watazamaji wa mitaani. Tulipoisikia habari hiyo tulijiona kwenye kioo.

Wapo watakaosema filamu za kisanii ni nzito, Kiswahili hakitaziweza. Mwalimu Nyerere alikuwa Ikulu, ana nchi ya kuongoza, akampatia muda Shakespeare: Julius Caesar mwaka 1963, Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Maneno ya Ahmad na babu yake hayafiki robo ya ugumu huo. UNESCO hiyo hiyo iliyosaini makubaliano ya 2017 ya kuokoa filamu za Afrika ndiyo iliyotangaza mwaka 2021 kwamba Julai 7 ni Siku ya Kiswahili Duniani. Kila mwaka siku hiyo tunapewa hotuba na ngoma. Tungefurahi kupewa Mandabi yenye maandishi ya Kiswahili, na hotuba ikapunguzwa kidogo.

Tutasikia pia kwamba yapo matamasha. Ni kweli. ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, imekuwa Unguja tangu 1998, na kukaa Ngome Kongwe usiku, kioo kimewaka na bahari iko nyuma ya majengo, ni raha ambayo hatutaki iguswe na mtu. Vituo vya utamaduni vya Wafaransa na Wajerumani Upanga navyo huonyesha filamu nzuri. Lakini tamasha ni la siku chache, boti ina nauli, na Upanga jioni kwa mtu wa Mbagala ni safari. Hatutaki kuona sinema nzuri kwa mwaliko tu.

Tukubali pia kwamba Wakenya walionjeshwa kidogo. Netflix iliwapa mpango wa bure kwenye simu za Android kuanzia Septemba 2021, kisha ukafungwa Novemba 2023. Prime Video nayo ilipunguza mambo yake Afrika mwanzoni mwa 2024. Kumbe hata wakubwa wakija, wanakuja na mguu mmoja mlangoni. Ndiyo maana hatuweki matumaini yetu yote kwao.

Sasa tunachoomba, na tunaomba kwa majina. Wizara yenye dhamana ya sanaa na Bodi ya Filamu: tafuteni zile filamu za Tanzania Film Company, shirika lililoanzishwa 1968. Tafuteni Fimbo ya Mnyonge, tafuteni Arusi ya Mariamu ya 1985, zisafisheni, ziwekeni YouTube kama walivyofanya Wakorea. Ziliwahi kulipiwa na wazazi wetu. FEPACI na UNESCO: kila filamu ya Kiafrika mnayoiokoa, iwekeeni maandishi ya Kiswahili kabla hamjaipeleka popote, na mnapoandika mikataba ya haki, wekeni mstari mmoja wa kuiruhusu ionyeshwe bure Afrika, mashuleni na kwenye maktaba. Kampuni za mitandao ya simu: mnatuuzia bando la mpira na bando la usiku, tuuzieni na la filamu. Na ninyi wenye majukwaa makubwa, pokeeni pesa ya simu.

Watafsiri tunao. Mwalimu wetu amejitolea kuanza na Kiarostami, bure, ila anaomba asisimulie tena kwa sauti, koo lake halijapona.